Mwacheni Binti Atambe

Kila kijana wa Kisangani aliyewahi kushika mpira wa basketi anajua kutikisa kidole cha Dikembe Mutombo, Mkongo wetu wa NBA. Hajafunga kikapu hata kimoja tangu asubuhi, viatu vyenyewe ni vya kuazima, lakini akibahatika kuupiga mpira wa mwenzake hewani ukatoka nje, kidole cha shahada kinapanda: hapana, hapana, si kwangu. Sisi watazamaji tunacheka, tunapiga makofi, tunasema huyu ana damu ya Dikembe. Sijapata kumwona mzee akisimama kumwambia hana adabu.

Sasa binti na afanye hivyo hivyo, mwone.

Nilimwona mmoja kwenye njia ya Ituri, kabla hujafika uwanja wa ndege wa Bangboka, katika kiwanja cha shule ambacho saruji yake imepasuka mpaka majani yameota ndani ya duara la katikati. Alivaa fulana ya njano yenye namba 7 iliyoshonwa kwa mkono, mguu wa saba umeanza kufumuka. Alipokonya mpira, akakimbia nao pembeni, wawili wakamfungia njia, akaupitisha nyuma ya mgongo bila kugeuza uso, mwenzake akaudaka na kufunga. Watu walilipuka. Mwendesha toleka alisimamisha baiskeli, na mama aliyembeba nyuma, mfuko wa makemba mapajani, hakulalamika. Naye alikuwa ameshanyoosha shingo. Binti akawageukia watu, akaweka kiganja sikioni: sisikii, ongezeni. Wakaongeza. Papo hapo mwalimu wake akaomba mabadiliko, akamtoa, akamkalisha benchi hadi filimbi ya mwisho. "Lolendo, maringo haya, ya nini? Mtoto mwanamke!" Baada ya dakika chache mwendesha toleka alikanyaga pedali akaenda zake, na nusu ya watu wakamfuata.

Halafu wanaume wale wale wanaoongoza michezo huketi kwenye viti vya plastiki, soda mkononi, wakaulizana kwa nini basketi ya wanawake haivuti watu. Jibu mlikuwa nalo uwanjani, ndugu zangu. Mlilikalisha benchi.

Mimi nasema hivi, na atakayeudhika audhike: watu hawaendi uwanjani kutazama mchezo, wanakwenda kumtazama mtu. Kikapu kina mita 3.05 kutoka ardhini, kiwe Los Angeles au Mangobo. Mistari ni ile ile. Kinachomtoa mtu kivulini kwake saa tisa ya jua ni hamu ya kujua fulani leo atafanya nini, atamkasirisha nani, atashangilia vipi. Fulani huyo akiamriwa afunge kimya kimya na kutazama chini, nani atatoa franka zake? Haiba ya mchezaji ndiyo mtaji wa ligi yoyote ile, na sisi mtaji huo tunauchoma moto wenyewe kwa jina la malezi mema.

Mfikirieni Caitlin Clark. Alizaliwa Des Moines, jimbo la Iowa, nchi ya mahindi na nguruwe ambayo Wamarekani wengi huiona kwa dirisha la ndege tu. Mwaka 2020 akaingia Chuo Kikuu cha Iowa, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka kwao, akakaa hapo miaka minne. Alikuwa akirusha mpira kutoka karibu na nembo ya katikati, mahali ambapo kocha wa kwetu angekuwa ameshavua kofia na kuitupa chini. Alibishana na marefa. Alirusha mikono juu kudai kelele kwa watu, na alipokosa alinuna waziwazi, kila mtu akaona. Si binti mpole, wala hakuna aliyempenda kwa upole.

Tarehe 15 Oktoba 2023 chuo chake kilitandika sakafu ya mbao katikati ya nyasi za Kinnick, uwanja wao wa futiboli ya Kimarekani, kwa mechi ya kirafiki dhidi ya DePaul. Kirafiki, yaani pointi zisizohesabiwa popote. Walikuja watu 55,646. Clark akafunga pointi 34, akadaka ribaundi 11, akatoa pasi 10 za vikapu, nje, kwenye upepo. (Sisi tunaocheza nje siku zote tunajua upepo unavyoiba mpira wa pointi tatu, kwa hiyo heshima yangu kwake iliongezeka hapo hasa.) Machi 2024 akampita Pete Maravich, mwanamume ambaye pointi zake 3,667 za chuo zilikuwa zimekaa kileleni tangu 1970. Mwezi uliofuata Iowa ilifungwa 87 kwa 75 na South Carolina kwenye fainali, na Wamarekani karibu milioni 19 walitazama. Fainali ya wanaume, siku iliyofuata, haikufika milioni 15.

Alishindwa, lakini hakuna aliyemwacha. Akachaguliwa wa kwanza na Indiana Fever, timu ya WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake, kwa mshahara wa kama dola 76,000 kwa mwaka, pesa ambazo mchezaji wa akiba wa NBA angezicheka, na timu nyingine zikaanza kuhamisha mechi zake kwenye majumba makubwa zaidi ili kupata pa kuwakalisha watu. Washington, Septemba 2024, waliingia 20,711. Hao hawakuanza kumpenda Indiana. Walimpenda Iowa, akiwa mwanafunzi, akiwa mtoto wa jirani. Wakamfuata na jezi zao mgongoni. Ligi ya kulipwa ilipokea mchezaji na umati wake kwa mpigo mmoja.

Msidhani kwamba nawasifia Wamarekani kwa haki. Mwezi Machi 2023 Clark, katikati ya mechi ambayo alifunga pointi 41 dhidi ya Louisville, alipunga kiganja mbele ya uso wake, ishara ya mpiganaji mieleka John Cena ya kumwambia mtu kwamba hakuoni. Watu wakasema: moyo wa ushindani! Wiki moja baadaye, kwenye fainali, Angel Reese wa LSU, binti mweusi, akampungia Clark kiganja kile kile na kuonyesha kidole kinachongoja pete ya ubingwa, kwa sababu LSU walikuwa wanashinda 102 kwa 85. Kesho yake akaitwa mshenzi na watu wazima wenye maikrofoni. Clark mwenyewe alisema hadharani kwamba Reese hakustahili kulaumiwa. Wachezaji walielewana; waliotapatapa ni watazamaji. Na A'ja Wilson, ambaye ametwaa tuzo ya mchezaji bora wa WNBA mara nne, 2020, 2022, 2024 na 2025, alingoja hadi 2025 ndipo kiatu chenye jina lake kikaingia dukani. Kwa hiyo haiba hugawiwa, na mgawaji ana macho yanayoona rangi. Kule wanabagua ngozi ya anayetamba. Huku kwetu, ambako wote ni weusi, tumetafuta kitu kingine cha kubagua, tukapata sketi.

Na hata kidole cha Mutombo kilipigwa marufuku! Wengi wanaokiiga hawajui hili. NBA ilichoka naye, ikaamua kwamba akimtikisia mpinzani usoni ni kosa la kiufundi. Mzee wetu akafanya nini? Akageuka, akawatikisia watu waliokaa jukwaani, jambo ambalo sheria haikulikataza. Mtu aliyefika Georgetown mwaka 1987 na nia ya kusomea udaktari, asiyekuwa hata kwenye timu mwaka wa kwanza, alijenga jina kwa kuzuia mipira na kwa kidole. Jina hilo likamletea pesa za matangazo, na kwa pesa na jina akajenga hospitali Masina, Kinshasa, yenye jina la mama yake. Alipofariki tarehe 30 Septemba 2024 dunia nzima ilimuaga kwa kutikisa kidole. Hakuna aliyesema marehemu alikuwa na maringo.

Sasa nawauliza nyinyi mliotikisa kidole siku ile: Mwadi Mabika ni nani?

Niliwauliza vijana kumi na kitu hapa Bangboka, wote wapenzi wa basketi, wote wanajua LeBron anavaa viatu namba ngapi. Mmoja alisema anadhani ni mwimbaji.

Basi sikilizeni. Mwadi Mabika alizaliwa Kinshasa mwaka 1976. Kabla yake mabinti wa Zaire walikuwa wameshakuwa mabingwa wa Afrika mwaka 1983 na 1986. Mwaka 1994 wakauchukua tena ubingwa. Kwa ubingwa huo wakaenda Olimpiki ya Atlanta 1996: Zaina Kapepula, Lukengu Ngalula, Kakengwa Pikinini na wenzao, na Mabika mwenye umri wa miaka 20. Walipoteza kila mechi. Marekani iliwafunga 107 kwa 47. Lakini Wamarekani walikuwa wanaanzisha ligi, na macho yao yakabaki kwa msichana yule wa Kinshasa. Tarehe 15 Machi 1997 Kisangani iliangukia mikononi mwa waasi wa AFDL. Tarehe 17 Mei Kinshasa ikafuata, na Zaire ikafutwa kwenye ramani. Juni mwaka huo huo WNBA ilifungua msimu wake wa kwanza kabisa, na kwenye orodha ya Los Angeles Sparks alikuwamo Mabika, ambaye nchi iliyomtuma Atlanta ilikuwa haipo tena kwa jina.

Hakupita chuo cha Marekani. Hapo ndipo penye uchungu wote. Wenzake waliingia ligi wakiwa na miaka minne ya nyimbo za wanafunzi, magazeti ya mji na bibi waliowajua tangu wakiwa wadogo. Lisa Leslie, nyota wa timu ile ile, alikuwa amesoma pale pale Los Angeles, USC. Mabika aliingia na mpira tu. Na kwa mpira tu akacheza misimu kumi na mmoja Sparks, akachaguliwa kwenye mechi ya nyota mwaka 2000 na 2002, akatwaa ubingwa 2001, akautwaa tena 2002. Mwaka huo wa 2002 alifunga wastani wa zaidi ya pointi 16 kila mechi, na ligi ilipotaja kikosi bora cha kwanza cha msimu ilitaja watu watano: Sue Bird, Sheryl Swoopes, Tamika Catchings, Lisa Leslie na Mwadi Mabika. Rudieni kuyasoma majina hayo. Wanne wa kwanza Wamarekani wanawaenzi hadi leo. Wa tano ni wa kwetu, na kijana wa Bangboka anadhani anaimba rumba.

Wazee hutuambia kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wanaipenda sana methali hiyo wanapozungumza na mabinti. Mbele ya Mabika methali hiyo ni uongo. Kizuri kilikuwapo, kilivaa jezi ya Sparks miaka kumi na mmoja, hakikujiuza hata senti moja katika nchi yake, kwa sababu hakuna aliyekitembeza. Mutombo alitembezwa: kwa televisheni, kwa fulana, kwa kidole, na kwa sisi wenyewe midomoni mwetu.

Najua mtakaloniambia. Vita. Ni kweli, na mimi si mgeni hapa. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya mji wetu, mabomu yakipita juu ya mapaa yetu, na wiki chache tu baadaye Mabika alikuwa Phoenix, kwenye mechi ya nyota. Nani angekaa kumtafuta kwenye redio wakati anazika watu wake? Simlaumu yeyote kwa mwaka 2000. Lakini miaka zaidi ya ishirini imepita. Katika miaka hiyo tumeweza kujifunza majina ya wachezaji wa akiba wa Real Madrid, na wake zao, na mbwa wao. Nafasi kichwani ilikuwapo.

Mtaniambia tena: binti akifundishwa kutamba ataharibika. Ataharibika vipi? Namba 7 hakumtukana mtu, hakumpiga mtu, hakuvua nguo. Aliweka kiganja sikioni. Mama zenu sokoni hutangaza samaki wao kwa sauti inayofika ng'ambo ya mto, wanajisifu, wanamkejeli mnunuzi bahili, na ninyi mnakula samaki hao bila kuuliza kama muuzaji alikuwa na lolendo. Wanawake wa mji huu wanajua kushika watu kwa maneno na mwili tangu zamani. Mnachokikataa ni wao kufanya hivyo pasipo kuwapikia.

Na mnaposubiri, wenzenu wanaokota. Mkenya Madina Okot, mrefu wa mita 1.98, alikuwa akichezea Chuo Kikuu cha Zetech, Ruiru, kando ya Nairobi. Mwaka 2024 akawa Mississippi State, mwaka uliofuata South Carolina, chuo ambacho mechi zake za mabinti zinajaza watu zaidi ya 15,000. Watamjua kwa jina, watajua anachekaje, watampa wimbo. Akifika juu, Afrika Mashariki nzima itagombania kumwita wetu. Nami nitafurahi, sitaki uongo. Lakini alipokuwa Ruiru jukwaa lilikuwa na watu wangapi?

Hapa kwetu tuna chuo kikuu tangu 1963. Tuna maelfu ya wanafunzi wanaotafuta cha kufanya Jumamosi mchana ambacho si bia. Tuna makomini sita yanayochukiana vizuri tu kwenye soka. Iowa hawakuwa na kitu cha ajabu kuliko hivyo. Walikuwa na mtoto wa nyumbani aliyeachwa nyumbani muda wa kutosha kupendwa, kiwanja kile kile, saa ile ile, wiki hadi wiki, na mtu wa kutaja jina lake kila alipogusa mpira. Sakafu ya mbao ni gharama, sikatai. Kutaja jina la mtu ni bure.

Kwa hiyo watangazaji wa redio zetu, msiniambie tena "timu ya wasichana imeshinda". Wasichana gani? Nani alifunga, kutoka upande gani, alishangilia vipi, anatoka avenyu ipi, nani anamchukia huko Kabondo? Mkimhoji, msimuulize ataolewa lini. Muulizeni ni beki gani anayemwogopa, na akisema hamwogopi yeyote, rusheni jibu hilo asubuhi, mchana na jioni, mpaka beki huyo apige simu studio. Michezo ya Francophonie ilipofika Kinshasa mwaka 2023 basketi iliyochezwa ilikuwa ya wanawake peke yao. Hakuna mwanamume wa kuwafunika, mji mkuu wa nchi yao, kamera za dunia. Nitajieni wachezaji watatu wa Kongo waliocheza hapo. Nangoja.

Nanyi wa ligi, jambo moja la kuchunga: msimpate mmoja mkamning'inizia kila kitu. Clark mwenyewe mwaka 2025 alicheza mechi 13 tu, majeraha yakamweka nje, na wenye televisheni wakabaki wanahesabu hasara. Waacheni watambe wengi. Anayecheka, anayenuna, mwenye mdomo, na yule asiyesema kitu anayekutazama tu mpaka ukose mtupo wa adhabu. Huyo naye ni haiba, tena ya hatari.

Uwanja wa ndege wa Bangboka umekarabatiwa upya na kuzinduliwa mwaka 2024. Kila waziri anayeteremka hapo hupokewa kwa ngoma, vitenge vyenye sura yake na wanafunzi waliotolewa darasani kusimama juani. Mwalikeni Mwadi Mabika. Mfanyieni hayo hayo, vitenge na yote, na watoto wakiuliza huyu mama ni nani, walimu wawe na jibu. Kisha mleteni kiwanjani, mpeni maikrofoni, na msimwandikie cha kusema.